Barafu ya Dago: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kuhifadhi Samaki na Vyakula Visiwani Lamu

Visiwani Lamu kambi ya mbali isiyo na umeme, duka wala barabara bado ipo, nayo ni dago la wavuvi. Msimu wa kaskazi mabaharia huhama na nyavu zao, wakajenga vibanda vya makuti kwenye fukwe za upande wa Ndau, Kiwayu na Kiunga, wakakaa huko kwa majuma. Kiwayu peke yake iko kiasi cha kilomita 50 kutoka mji wa Lamu, na barafu inayofika huko imekwisha kulipiwa mara mbili: kwanza kwa fedha za kuinunua, kisha kwa mafuta ya boti. Ndiyo maana inauma kuona barafu hiyo ikipotea mchangani kwa sababu ya mambo ambayo watu wameyapokea bila kuyahoji.

Nyingi ya dhana hizo zina mzizi mmoja. Tumezoea kusema kwamba baridi imetoka au baridi imekwisha, kana kwamba baridi ni kitu kilichotiwa sandukuni kikavuja. Kinachotembea hasa ni joto, ambalo hutoka hewani, mchangani, juani na kwenye mwili wa samaki mwenyewe, likaingia ndani ya barafu. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka humeza joto lenye kutosha kupandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Hiyo ni akiba kubwa, na swali la kila siku dagoni ni joto gani litakaloitumia: la samaki, au la upepo na mchanga.

Dhana: Kuifunika barafu kwa blanketi kunaipasha moto

Blanketi halina joto lake. Mtu aliyejifunika huhisi joto kwa sababu mwili wake hutengeneza joto na blanketi hulizuia lisitoke. Barafu haitengenezi joto lolote, kwa hiyo blanketi lilo hilo hulizuia joto la nje lisiifikie. Mwaka 1833 meli iliyoitwa Tuscany iliondoka Boston, Marekani, mwezi Mei, ikiwa imebeba tani 180 za barafu iliyokatwa kwenye maji yaliyoganda wakati wa baridi. Ilivuka ikweta mara mbili bila mashine yoyote ya kupoza, barafu ikiwa imezungukwa na mbao na vijazio vikavu vya kuzuia joto, na ilipofika Calcutta mwezi Septemba bado ilikuwa na tani 100 hivi. Anayetaka kushindana na jambo hili kwa hoja ya blanketi ana kazi ngumu.

Dagoni vizuizi vya joto havikosekani. Mwili wa friji iliyokufa, ukilazwa chali ili mlango wake uangalie juu, ni sanduku jema kuliko mengi yanayouzwa, kwa kuwa kuta zake zimejazwa povu gumu na hewa ya baridi, ikiwa nzito, hubaki chini mlango unapofunguliwa. Sharti mpira wa mlango uwe mzima. Unga wa mbao unaobaki kwa mafundi wa majahazi wa Matondoni ni kijazio kizuri sana, ila uwe mkavu, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa katikati ya chembe zake, na ukilowa maji huchukua nafasi ya hewa hiyo na kupitisha joto kwa urahisi. Kwa sababu hiyo ni vyema kuutia katika mifuko ya plastiki iliyofungwa vizuri kabla ya kuupanga kuzunguka sanduku. Sanduku nalo liinuliwe juu ya magogo, liwe kivulini, na nafasi tupu ndani yake ijazwe, kwa kuwa kila linapofunguliwa hewa ya ndani hubadilishana na hewa ya ufukweni.

Gunia la maji ni jambo jingine. Samaki akiwa bado chomboni, gunia lililoloweshwa na kuachwa lipigwe na upepo humpoza, kwa sababu maji yanapokuwa mvuke huondoka na joto. Gunia hilo likitiwa ndani ya sanduku lililofungwa, mahali pasipo na upepo, halina faida hiyo tena.

Dhana: Barafu nyingi humponya samaki aliyelala juani

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa kuwa madhara yake humfika mlaji ambaye hakuwapo samaki alipovuliwa. Nguru, jodari na vibua wana katika nyama yao kemikali ya asili iitwayo histidini. Samaki akifa na kuachwa kwenye joto, bakteria waliomo matamvuani na matumboni mwake huigeuza histidini hiyo kuwa histamini, na kazi hiyo huendelea kwa kasi katika joto la nyuzi 30 ambalo ni la kawaida mchana wa kaskazi. Mlaji wake huweza kuiva uso, kuumwa na kichwa, kuwashwa mwili, kutapika na kuhisi moyo ukienda mbio, mara nyingi ndani ya saa moja au pungufu, na wengi hudhani kuwa wana mzio wa samaki.

Histamini ikishatengenezwa haiondoki. Barafu haiiondoi, friza haiiondoi, na kukaanga, kuchemsha wala kupaka haviiondoi; samaki huyo huweza pia kuonekana mzima na asitoe harufu yoyote mbaya. Barafu huzuia kile ambacho hakijatokea, basi. Kwa hiyo saa inayohesabiwa huanza pale samaki anapotolewa majini, wala si pale boti inapogusa ufukwe. Nahodha anayebeba barafu kidogo chomboni, akamtumbua nguru mara moja, akamwosha kwa maji safi ya bahari, akamjaza barafu tumboni, amefanya zaidi ya yule anayemzika kwenye barafu mlima mzima jioni.

Kuhusu kiasi, hesabu ya karatasi husema kwamba kilo moja ya barafu hutosha kushusha kilo tatu za samaki kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 0. Hesabu hiyo haikuingiza joto linalopenya sandukuni wala siku za kungoja boti ya mnunuzi, na ndiyo sababu ushauri wa kawaida katika nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Mabonge makubwa hudumu muda mrefu, lakini humgusa samaki mahali pachache. Njia nzuri ni kuyabeba yakiwa mabonge na kuyapondaponda wakati wa kuyatumia, tabaka la barafu, tabaka la samaki, mpaka juu.

Dhana: Nyama iliyoganda ikiwekwa kwenye barafu itabaki imeganda

Friza ya kawaida hufanya kazi karibu na nyuzi 18 chini ya sifuri. Barafu tupu inayoyeyuka hukaa nyuzi 0, na nyama huanza kulegea ikiwa bado chini kidogo ya hapo. Ina maana kwamba kilo za nyama ya ng'ombe zilizotoka mjini zikiwa ngumu kama jiwe zitalainika polepole hata zikizungukwa na barafu pande zote. Hazijaharibika, kwa sababu nyuzi 0 bado ni baridi ya kutosha kwa siku kadhaa, lakini hazijaganda tena, na mpishi wa dago apange mapishi yake kwa kufuata ukweli huo.

Hapa ndipo chumvi inapoingia, nayo ina dhana yake: kwamba huongeza nguvu ya barafu. Chumvi haiongezi akiba hata chembe. Inachofanya ni kuilazimisha barafu iyeyuke katika joto la chini zaidi, hadi nyuzi 21 hivi chini ya sifuri mchanganyiko ukiwa na kipimo barabara, na barafu hiyo huisha upesi zaidi. Kumwagia chumvi barafu yote ya samaki kwa hiyo ni hasara, tena huweza kumgandisha samaki nusunusu na kuiharibu nyama yake. Faida ya chumvi ni mahali padogo: chupa za plastiki zitiwe maji yenye kilo moja ya chumvi kwa lita 10, zigandishwe mjini kwenye friza yenye nguvu, kisha zibananishwe na nyama iliyoganda katika sanduku lake la peke yake. Maji hayo huanza kuganda karibu nyuzi 6 chini ya sifuri, na yanapoyeyuka hubaki chini ya sifuri kwa muda, jambo ambalo barafu tupu haiwezi. Chupa zisijazwe pomoni, maana maji hutanuka yanapoganda.

Dhana: Maji ya barafu lazima yamwagwe mara moja

Inategemea yamegusa nini. Maji yaliyochanganyika na damu na utelezi wa samaki yatoke kupitia tundu la chini, na barafu mpya iongezwe juu. Lakini katika sanduku la vyakula vilivyofungwa visivyopenya maji, maji hayo bado yako karibu na nyuzi 0, na kuyamwaga ni kuikaribisha hewa ya moto mahali pake.

Dhana: Ukiwa na friza ya sola, kila kitu kitaganda usiku mmoja

Kugandisha kilo 50 za samaki kutoka joto la nyuzi 28 hadi nyuzi 18 chini ya sifuri ni kuondoa joto linalolingana na zaidi ya uniti 5 za umeme. Friza ndogo inayotegemea betri usiku haiwezi kazi hiyo. Itafanya jambo baya zaidi, yaani kuwagandisha walio pembeni na kuwaacha wa katikati na uvuguvugu kwa saa nyingi, huku vilivyokwisha kuganda vikilainika. Friza kama hiyo ni hodari wa kutunza kilichokwisha kupozwa; basi samaki apozwe kwanza kwa barafu, kisha aingizwe wachache wachache.

Wapo wanaotia sufuria ya moto ndani ya friza wakitaja ugunduzi wa Erasto Mpemba, Mtanzania aliyeona akiwa mwanafunzi mwaka 1963 kwamba maziwa ya moto yaliganda kabla ya yaliyopoa, na ambaye matokeo yake yalichapishwa mwaka 1969 pamoja na mwanafizikia Denis Osborne. Heshima yake ni kubwa na wanasayansi wanabishana mpaka leo kuhusu jambo hilo. Hata hivyo, joto la sufuria hiyo lazima liondolewe, na kabla halijaondolewa litakuwa limevipasha vyakula vilivyo jirani.

Dhana: Kuganda huua vijidudu

Kuganda huvilaza tu vijidudu vingi, navyo huamka vikipata joto. Barafu iliyotengenezwa kwa maji ya kisima kichafu ni maji machafu yaliyo magumu, na huweza kubeba hata kipindupindu, kwa hiyo kipande kilichookotwa kwenye sanduku la samaki kisitiwe katika gilasi ya sharubati. Kuhusu kugandisha mara ya pili, chakula ambacho bado kina chembe za barafu ndani yake, au bado ni baridi kama kilichotoka kwenye friji, huweza kurudishwa kwenye friza, ingawa utamu hupungua. Kilichopata uvuguvugu kwa saa mbili, au hata saa moja katika joto la mchana wa Lamu, kisirudishwe.

Dhana: Barafu ikikwisha, kazi imekwisha

Wazee wa visiwa hivi waliishi dagoni bila barafu, wakapasua, wakatia chumvi, wakaanika, na ng'onda wao akasafiri mbali. Chumvi hupunguza maji ambayo bakteria huyahitaji, na viwanda vya chumvi vya Gongoni, upande wa Malindi, si mbali. Zikibaki siku mbili kabla ya boti na barafu ikawa nusu ya inayohitajika, ni bora kuigawa hesabu mapema: wenye bei ya juu wapate barafu kamili, waliobaki wapasuliwe asubuhi hiyo hiyo wakiwa wabichi, kwa sababu chumvi nayo, kama barafu, haiondoi histamini iliyokwisha kuingia.