Mkondo mkali si mafuriko

Kila majira ya baridi, wapiga makasia wa mto Thames wakizuiwa kuingia majini, nasikia Waswahili wenzangu hapa Uingereza wakielezana kwamba "mto umefurika". Juzi nimelisikia tena kwa bwana mmoja aliyesimama ukingoni, nyasi kavu, viatu vyake havina hata tope.

Mkondo mkali ni maji kwenda mbio kupita uwezo wa chombo na waliomo. Basi.

Sasa haya maneno mawili. Kufurika ni neno la ukingo: uji hufurika ukamwagika jikoni, mto hufurika ukaingia mashambani. Mkondo ni neno la mwendo. Kuna mkondo wa hewa, mkondo wa umeme, na hata njia aliyopita mnyama porini huitwa mkondo. Ndani yake hamna ukingo wala kina.

Tena Thames ndiyo hasa ya kumdanganya anayetazama ukingo. Kutoka Oxford mpaka Teddington, kitongoji cha kusini-magharibi mwa London, mto umekatwa vipande kwa kuta zenye milango. Mvua zikizidi, milango hufunguliwa ili kina kisipande sana. Kina kinabaki karibu palepale, maji yanakimbia. Tazama nguzo ya daraja: upande yanakotoka maji yamejikunja kama mgongo wa ng'ombe, upande yanakokwenda yanazunguka. Boti ya wapiga makasia wanane ina urefu wa mita 17 hivi. Ikisukumwa ubavu kwenye nguzo ile, makasia hayaitoi.

Ndiyo maana wakala wa mazingira huweka ubao mwekundu kwenye malango ya kupitishia boti, wa kuonya juu ya mkondo mkali, na wa njano wa kusema mkondo unaongezeka au unapungua. Mbao zote zinataja mkondo. Na mvua ikikatika leo, ubao haushuki leo, kwa kuwa maji ya mbali bado yako njiani.

Kuanzia Teddington kushuka baharini mto unajaa na kupwa, jambo ambalo mtu wa Lamu hahitaji kufundishwa. Maji ya mvua kutoka juu yakikutana na maji yanayopwa, kupwa kunapata nguvu ya ziada. Mamlaka ya Bandari ya London hutoa bendera za kijani, njano na nyekundu kwa ajili ya kupwa huko tu, wakifuata maji yanayopita Teddington.

Kosa hili la neno linaniuma kwa sababu anayengoja mafuriko ataona ukingo mkavu na kusema twende, hata kama waliomo botini ndio kwanza wameanza kushika kasia mwezi uliopita.

Yule bwana nilimwonyesha kijiti kikipita chini ya daraja, nikamwambia: "Hapana, ndugu yangu, haujafurika. Mkondo ndio mkali."