Kuripoti tukio zito kwenye kikundi cha kujitolea cha kuzima moto, maana yake nini hasa

Tukio zito kwenye kazi ya kuzima moto ni jambo lolote lililoua mtu, lililomjeruhi vibaya au lililokaribia kufanya hivyo, awe ni mzimaji mwenyewe au mtu anayeokolewa. Kuliripoti ni kumwambia anayehusika mapema, kwa maandishi, vile lilivyotokea, ili aliyeumia asaidiwe na jambo lenyewe lisijirudie. Kwa ufupi ndo hivyo.

Sasa watu wengi wakisikia hivyo wanakumbuka kifo na kuungua tu, kile kipande cha "lililokaribia" wanakiruka, na mimi naona hicho ndo chenye faida kubwa kuliko vyote kwasababu kinakupa somo kabla hujazika mtu. Chukua mfano huu, moto umeanzia shamba la mikorosho mtu alikuwa anasafisha akachoma majani, umekimbilia msitu wa kijiji, vijana wameingia na matawi mabichi na zile pampu za mgongoni, mara upepo unageuka moto unawafuata wao, wanakimbilia sehemu iliyokwisha kuungua wanatoka salama. Jioni kijiweni wanahadithiana tumeponea chupuchupu leo, imeisha hiyo. Haijaisha! Wiki ijayo kikundi cha kijiji cha pili kinaingia upande uleule wa upepo na hakuna aliyewaambia.

Huku kwetu kusini mwa Tanzania hili linatuhusu sana. Faya wenyewe, yaani Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba yao ni 114 na wapigiwe kila moto, lakini gari linakaa mjini na kutoka mjini mpaka huko ndani Liwale au misitu ya Kilwa ni safari ndefu, kwaiyo anayewahi kufika ni kamati ya maliasili ya kijiji, bodaboda, majirani na ndoo zao. Hao ndio wazimamoto wa kujitolea hata kama hawana sare wala kofia.

Na mtu wa kujitolea ana sababu zake za kunyamaza. Anasema mimi nimekuja kwa hiari yangu, nani atanilipa, nikisema nimeumia wataniona legelege, au nikisema pampu iliziba katikati ya moto mwenyekiti atadhani namsema yeye. Namuelewa kabisa. Ila angalia upande wa pili, mwajiriwa ana mkataba, ana mahudhurio kazini, ana bosi anayejua jana alikuwa wapi, sasa wewe uliyekimbia kutoka shambani ukaingia kwenye moto, ni karatasi gani inayosema ulikuwepo? Ni hiyo taarifa peke yake, pamoja na orodha ya majina ya waliofika. Marekani kuna sheria ya mwaka 2003 inayosema mzimamoto, hata wa kujitolea, akipata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya saa 24 tangu atoke kwenye kazi nzito ya moto, kifo chake kinachukuliwa kuwa kimetokana na kazi mpaka ithibitike vingine na familia inapata mafao. Walifika huko kwasababu moyo ndio unaongoza kuua wazimamoto wao wakiwa kazini. Hapa kwetu sisemi familia italipwa hivyo, nasema bila kumbukumbu hata mazungumzo ya kumsaidia mjane hayana pa kuanzia.

Kuna jingine la kwetu kabisa ambalo linanipa wasiwasi, salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho. Mkulima wa korosho anaweka mifuko ndani au kwenye kibanda nyuma ya nyumba, moto ukifika hapo salfa inawaka na kutoa hewa kali inayochoma macho, koo na mapafu. Aliyeivuta anakohoa kohoa, anapewa maziwa, anaambiwa nenda kalale utakuwa sawa, halafu usiku kifua kinabana, maana madhara ya kuvuta hewa kama hiyo yanaweza kuchelewa masaa kadhaa. Wakimfikisha zahanati mhudumu anaambiwa "ana pumu labda". Kama jioni ile kuna mtu aliandika kwamba fulani na fulani wameingia kibanda chenye salfa inayowaka, mhudumu anajua anapambana na nini na wale wengine waliokuwa naye wanaitwa kupimwa kabla hawajazidiwa. Kwaiyo kuvuta moshi wa salfa, mbolea, plastiki au magodoro kuhesabiwe tukio zito hata kama mtu ametembea kwa miguu yake kurudi nyumbani.

Kuandika kwenyewe hakuhitaji msomi. Kitu kama hivi kinatosha: "Jumanne saa tisa alasiri, moto wa shamba upande wa mtoni, upepo ukageuka ghafla, tulikuwa wanne, tukakimbilia palipoungua. Hakuna aliyeungua, pampu moja imeyeyuka, hatukuwa na mtu wa kuangalia upepo." Umeona hiyo sentensi ya mwisho, haimtaji mtu, inataja kilichokosekana. Ukianza kuandika "Juma ndo alituponza" hutapata taarifa nyingine mwaka mzima, watu watafunga midomo. Kama kuna uzembe wa kweli au jinai hiyo ina njia yake, polisi wapo, ila usichanganye kwenye karatasi moja.

Nani anaambiwa? Aliyezidiwa apelekwe kutibiwa kwanza, na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ifuatiliwe pale inapohitajika. Halafu kiongozi wa kikundi siku ileile, mtendaji wa kijiji au mtaa, na Faya. Kama kuna kifo au mtu hajaonekana polisi wanajulishwa hapohapo na eneo lisichezewe. Picha kwenye grupu la WhatsApp haihesabiki kama taarifa, na naomba sana ndugu zangu, mama wa mtu asijue habari za mwanae kwa kuona foto ya mguu ulioungua kwenye simu ya jirani.

Kipande kinachosahaulika zaidi ni majibu. Taarifa ikipanda isiposhuka, watu wanaacha kutoa. Kule Australia, jimbo la Victoria, tarehe 2 Desemba 1998 moto wa Linton uliua wazimamoto watano wa kujitolea kutoka Geelong West, upepo uligeuka, moto ukalifikia gari lao na maji ya kujilinda hayakutosha. Uchunguzi ulichukua miaka lakini matokeo yake yalirudi mpaka kwenye vikundi, hakuna kwenda mstari wa moto bila mafunzo ya msingi, na gari libaki na maji ya akiba ya kujilinda wenyewe waliomo. Marekani nao tangu 2005 wana mfumo wa taifa wa kuripoti matukio ya kuponea chupuchupu, unaandika bila jina lako kutajwa na vikundi vingine vinasoma.

Sisi hatuna haja ya mfumo mkubwa hivyo ili tuanze. Daftari moja likae kwa katibu wa kikundi, na kabla ya kusafisha mashamba kuanza mkutano usomewe yote yaliyoandikwa msimu uliopita kwa sauti, pamoja na kilichobadilishwa, nani ananunua mpira mpya wa pampu, nani kazi yake ni kusimama pembeni na kuangalia upepo tu. Ambacho hakijabadilishwa nacho kisomwe, aulizwe anayehusika mbele ya watu kimekwama wapi.