Uakifishaji: sauti ya mwandishi kwenye karatasi

Uakifishaji ni matumizi ya alama kama nukta, mkato (wengine husema koma), alama ya kuuliza na ritifaa (ile ya ng'), ili msomaji ajue atue wapi, apandishe sauti wapi, na neno lipi liende na lipi. Ukizungumza, sauti yako inafanya kazi hiyo yote. Ukiandika, kazi hiyo inabaki kwa alama.

Kiswahili kinazihitaji kuliko wengi tunavyodhani. Chukua swali. Kiingereza hupangua maneno mtu anapouliza. Sisi hatupangui chochote. "Mama ameruhusiwa" na "Mama ameruhusiwa?" ni maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Ndugu yako aliye safarini akikutumia ujumbe huo bila alama ya kuuliza, utashukuru Mungu kwamba mgonjwa ametoka hospitali, kumbe yeye ndiye anayekuuliza wewe. Neno "je" lingesaidia, lakini kwenye simu ni wachache wanaoliandika.

Mkato nao huamua nani kafanya nini. "Juma alisema Ali hajafika": anayesubiriwa ni Ali. "Juma, alisema Ali, hajafika": sasa anayesubiriwa ni Juma, na Ali ndiye msemaji. Kibarua akisoma "Hapana kazi leo", atabaki nyumbani. Akisoma "Hapana, kazi leo", atavaa viatu mbio.

Kuna kosa linalotokana na mafundisho yenyewe. Wanafunzi huambiwa mkato ni mahali pa kuvuta pumzi, basi wanauweka hata kati ya mtenda na kitenzi chake: "Wanafunzi wote wa darasa la saba, wamefaulu." Mkato huo hauna kazi, unamtenga mtu na tendo lake. Pumzi ina haki yake katika shairi, ambako mkato hutenga ukwapi na utao (nusu ya kwanza na ya pili ya mstari) hata pale sarufi isipoudai.

Ritifaa hufanya kazi ndani ya neno. "Ng'oa" ni kutoa kitu na mizizi yake. "Ngoa" ni wivu. Alama ndogo hiyo ndiyo tofauti yote, nayo inaniuma kuona inavyopuuzwa. Kwenye simu nyingi imefichwa nyuma ya kitufe cha tarakimu, watu wanairuka, na sasa "nyama ya ngombe" tunaisoma hata kwenye mabango ya bucha.