Afisa ustawi akija kwako usihangaike kununua godoro jipya

Tangu ile kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ianze kuzunguka mikoani mwaka 2023, watu wengi wamejua kumbe kesi ya malezi ya mtoto inafunguliwa na inasikilizwa, na hilo ni jambo jema kabisa. Ila na malalamiko nayo yamepanda. Mengi yanatuhusu sisi maafisa ustawi wa jamii, kwamba afisa amekuja nyumbani dakika ishirini akaondoka na kesi yangu, afisa kanunuliwa na upande wa pili, afisa hajaniuliza kabisa huyo mwanaume alinifanyia nini. Naandika kama mtu ninayesimamia mafunzo ya maafisa wanaotumwa na mahakama kuchunguza maisha ya mtoto wazazi wanapogombea malezi yake, nieleze wanafundishwa nini na kwa nini wanafanya wanavyofanya.

Kwanza hilo la mwisho. Afisa hachunguzi nani alimkosea nani. Hiyo ni kazi ya mahakama kwenye shauri la talaka, na kabla ya hapo mnapita baraza la usuluhishi wa ndoa, mkishindwana baraza linawapa hati ndio mnaenda mahakamani, bila hiyo hati maombi ya talaka kwa kawaida hayapokelewi isipokuwa kwa sababu chache sheria imezitaja. Kama kuna shauri la talaka, suala la watoto linaweza kuamuliwa humohumo. Kama hamkuwahi kufunga ndoa, au mmetengana tu, maombi yanaenda Mahakama ya Watoto, ambayo inakaa faragha, watu wasiohusika hawaingii, kwa hiyo ule msafara wa mashangazi na majirani wa kushuhudia naomba ubaki nje. Mahakama ikiona inahitaji taarifa ya uchunguzi wa kijamii inatuandikia sisi, tunapanga afisa, afisa anakwenda, anaandika, anaiwasilisha. Haiji kwenu kwanza mkaipitie. Na hakimu halazimiki kuifuata, anaipima pamoja na ushahidi mwingine.

Sasa anachochunguza ni maisha ya mtoto. Kwenye mafunzo tunawaambia waanzie asubuhi: nani anamwamsha, anakula nini, anaenda shule na nani, akiumwa usiku nani anambeba, kadi ya kliniki iko kwa nani. Mwalimu wa darasa anajua mambo ambayo nyie wazazi mmesahau kama anayajua, anajua nani huja kwenye kikao, nani hupokea simu mtoto akianguka uwanjani, mtoto akitoka likizo kwa baba au kwa mama anarudi vipi. Ndio maana mtu anaona afisa kakaa kwake dakika ishirini, hajui kwamba alishakaa shuleni asubuhi nzima na kwa mjumbe na zahanati.

Na kwenye nyumba, jamani. Tunakuta godoro jipya lina nailoni bado, mswaki wa mtoto haujawahi kuguswa maji, kabatini nguo za saizi ya mtoto wa miaka minne wakati mtoto ana saba. Afisa aliyefundishwa anaona. Anaandika alichokiona bila kuweka chumvi: "godoro lina nailoni", basi, haandiki "baba ni mwongo". Hili tunalipigia kelele sana darasani maana maafisa wachanga wanapenda kuhukumu, wanaandika "mama anaonekana mkali" halafu wanaitwa mahakamani wakili anauliza ukali uliuona wapi, saa ngapi, alisema nini, mtu anabaki kutafuna maneno. Kilichoonekana kiwe peke yake, kilichosikika kitajwe kimetoka kwa nani, maoni ya afisa yaje mwisho na sababu zake. Chumba kimoja cha kupanga hakimpotezei mtu mtoto, na nyumba ya vigae haimpi mtu mtoto.

Kuongea na mtoto ndio somo gumu kuliko yote. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka mahakama izingatie maoni ya mtoto, lakini maoni aliyoyatoa kwa uhuru. Sasa unamkuta mtoto wa miaka sita anakwambia "mama hana maadili na mazingira yake si rafiki". Mtoto wa miaka sita! Hayo maneno kayatoa wapi kama si sebuleni kwa mtu mzima? Afisa hamkatizi wala hamgombezi, anamwacha achore, anamuuliza jana ulicheza na nani, ukiogopa usiku unamwita nani. Hatakiwi kumuuliza "baba anakupiga eeh?" maana hapo jibu umeshampa mdomoni. Na hatakiwi kabisa kumuuliza "unamtaka nani", kwa sababu mtoto akijibu atabeba huo mzigo mpaka ukubwani kwamba yeye ndiye aliyemkataa mmoja. Ukimfundisha mtoto maneno ya kusema unajiharibia mwenyewe, hilo nalo linaingia kwenye taarifa.

Halafu hii ya miaka saba. Sijui nani aliwaambia mtoto akifikisha miaka saba ni wa baba kama vile ankara imeiva. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 125 inachosema ni kwamba mtoto wa chini ya miaka saba inachukuliwa ni vizuri akae na mama yake, na hata hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi, na mahakama iangalie pia ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Haisemi popote kwamba akifika saba anakabidhiwa baba. Baada ya hapo linaloangaliwa ni lilelile, manufaa ya mtoto. Na kina mama nao, mtoto kuwa mdogo si tiketi ya kumficha baba asimwone, kumwona ni haki ambayo mahakama inaweza kuiamuru. (Nazungumzia Bara, Zanzibar wana Sheria yao ya Mtoto ya 2011 na Mahakama za Kadhi.)

Kuna wanaosema sina mtoto nyumbani kwangu basi situmi hela. Malezi (mtoto anakaa na nani) na matunzo (gharama zake) ni vitu viwili. Kumnyima mtoto haki zake za msingi, matunzo yakiwemo, kifungu cha 14 cha Sheria ya Mtoto kinataja faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 6 au vyote kwa pamoja. Na kumchukua mtoto kinyemela shuleni ukakimbia naye mkoani wakati mwenzako ana amri ya mahakama ni kosa la jinai, hata kama ni mwanao wa damu, hiyo ya "wa damu" polisi hawaisikilizi.

Vipimo vya vinasaba (DNA) vya kujua baba wa mtoto pia msijipeleke wenyewe kwa Mkemia Mkuu, ombi linapita kwenye mamlaka zinazotambuliwa na sheria, mahakama na ofisi ya ustawi zikiwemo.

Kuhusu kununuliwa. Sitasema haitokei. Afisa wangu haruhusiwi kuchukua nauli, wala "ya maji", wala lifti ya upande mmoja, na kama anamfahamu mmoja wenu anatakiwa aseme kabla apangwe mwingine. Mtoaji na mpokeaji wa rushwa wote wana kosa, kwa hiyo usije kunionyesha skrinshoti ya muamala ukidhani umemkamata afisa peke yake. Ukiombwa usitoe, nenda TAKUKURU. Ukiona taarifa yenyewe ina makosa, mwambie hakimu pale pale mahakamani kwamba unaipinga na unaomba afisa aitwe aulizwe maswali, taja kipengele, siyo "imependelea" tu. Malalamiko ya mwenendo andika kwa Mkurugenzi wa halmashauri, weka namba ya shauri na tarehe aliyokutembelea, barua isiyo na namba ya shauri inatuchukua muda mrefu kuifuatilia na wakati mwingine hatumpati hata aliyeiandika. Kama mtoto yuko hatarini sasa hivi usisubiri taarifa ya mtu, piga 116 au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi kilicho karibu.