Anzeni Tabora, Mmalizie Ujiji

Wanandoa wengi ninaowaongoza Kigoma huja na Hifadhi ya Gombe tu kichwani: boti, sokwe, kesho yake ndege. Mimi huwasihi waanzie Tabora, washuke na treni ya reli ya kati hadi ziwani. Mji ule wa nyanda za juu na vijiji hivi vya mwambao viliunganishwa na njia moja ya misafara ya pembe na watumwa, na ukiruka upande mmoja, mwingine haueleweki.

Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ipewe nusu siku nzima. Kwenye tembe la huko, nyumba ya udongo yenye paa bapa, Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta mpelelezi Livingstone, alikaa mwaka 1871 akashindwa kuendelea, kwa sababu Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, alikuwa ameifunga njia ya Ujiji. Agosti watu wa Mirambo wakaichoma Tabora, na Stanley akalazimika kuzungukia kusini. Mwaka uliofuata Livingstone alingoja wapagazi humo humo hadi Agosti. Mwaka 1873, Livingstone alipokwisha kufariki, watumishi wake Chuma na Susi wakapita Kwihara na mwili wake, wakielekea pwani. Kwangu mimi hao wawili ndio wenye safari kubwa kuliko zote, na huwa sitoki pale bila kuwataja.

Ujiji wageni huniuliza: kama hii ilikuwa bandari, mbona kumbukumbu ya Livingstone iko mbali na maji? Jibu liko ng'ambo, Kongo. Mto Lukuga ndio mlango pekee wa kutokea maji ya Ziwa Tanganyika, na enzi zile ulikuwa umezibwa na mchanga na majani, ziwa likajaa. Kizuizi kilipovunjika, karibu mwaka 1878, maji yakaanza kushuka, na ufuo ukasogea.

Kigoma mjini stesheni ya Wajerumani inatosha kwa saa moja.

Kibirizi, kijiji cha wavuvi, nendeni alfajiri, dagaa wanaposhushwa na kuanikwa. Ila chagueni siku za giza. Wavuvi huwavuta dagaa kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wake hutapakaa juu ya maji, taa haina nguvu, na wengi hupumzika. Wageni waliokuja siku hizo huona mitumbwi imeegeshwa tu na kudhani kijiji kimelala. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ya treni, tazameni mwezi, kisha tengeni mchana mmoja wa migebuka, samaki wa ziwa hili, kwa mawese na ugali wa muhogo.