Huruma, pole na rambirambi: lipi kwa nani?

Katika barua za rambirambi tunazoletewa ofisini tuzihariri, kuna sentensi moja hatuishi kukutana nayo: "Tunawaonea huruma sana kwa kufiwa na baba yenu." Mwandishi hana nia mbaya, kaguswa kweli. Ila familia ikiisoma itajiona imeshushwa.

Sababu ni kwamba huruma, katika matumizi yetu ya kila siku, hutoka zaidi kwa mwenye uwezo kwenda kwa asiye nao. Mshtakiwa humwomba hakimu amwonee huruma, mpangaji humwomba mwenye nyumba, na sote tunamwomba Mungu. Ndiyo maana mtu mzima mwenye ulemavu ukimwambia "nakuonea huruma" anaweza kukujibu kwa ukali, na ana haki. Hisia yenyewe haina ubaya. Baki nayo moyoni, mdomoni toa pole.

Pole haijali cheo wala umri. Mjukuu humwambia bibi yake anayerudi shamba "pole na kazi", na bosi humpa pole mhudumu aliyekuwa anaumwa. Mgonjwa naye hujibu "nimeshapoa", hata kama homa bado iko palepale! Wakiwa wengi, sema "poleni".

Lakini pole si samahani. Ukimkanyaga mtu kwenye daladala, anza na samahani, pole ifuate. Siku hizi watoa huduma wakituvurugia mambo hutuandikia "poleni kwa usumbufu" wakaishia hapo, kana kwamba usumbufu umeletwa na mvua.

Kwenye msiba maneno huongezeka, na hapo ndipo wengi huchanganya. Tanzia ni habari yenyewe ya kifo. Usiku wa Machi 17, 2021, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alipolitangazia taifa la Tanzania kifo cha Rais John Magufuli, ile ilikuwa tanzia. Ujumbe wa kuwafariji Watanzania uliofuata kutoka nchi nyingine ndio salamu za rambirambi. Kwa hiyo anayeandika "tunatuma tanzia kwa familia" anawapelekea wafiwa habari ambayo wao ndio waliompa.

Kwenda mwenyewe msibani kutoa pole ni kuhani, na pwani utasikia pia "makiwa" akiambiwa mfiwa. Halafu kuna cha mkononi. Ubani ni ule wa kufukizwa, lakini jina hilo hilo sasa hubeba fedha anazopewa mfiwa, na Watanzania wengi fedha hizo huziita rambirambi vilevile. Katibu wa kikundi akiandika kwenye taarifa yake kwamba "rambirambi zimewasilishwa", basi aeleze kama ni ujumbe au ni fedha, na kama ni fedha ataje kiasi, maana mhazini atauliza.