Kurejesha Maji ya Umwagiliaji Mtoni: Maana Yake na Namna Watu Wanavyoipokea

Kurejesha maji mtoni ni kuamua kwamba sehemu ya maji ambayo tayari yanachepushwa kwenda mashambani iachwe iendelee kutiririka mtoni, kwa ajili ya samaki, wanyamapori, ardhi oevu na watu wanaoishi chini zaidi. Dhana hii ni tofauti na maji ya marejeo, yaani yale yanayotoka majarubani (vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa matuta) na kurudi mtoni yenyewe kupitia mifereji ya kutolea. Ya marejeo hurudi bila mtu kuamua lolote, ilhali yanayorejeshwa hurudi kwa sababu kuna aliyekubali kupungukiwa.

Nchini Tanzania, jambo hili limejadiliwa kwa uchungu mkubwa kuhusu mto Ruaha Mkuu. Vijito vyake hushuka kutoka milimani hadi bonde la Usangu, vinanywesha mpunga wa Mbarali, kisha maji yanayobaki huingia kwenye ardhi oevu ya Ihefu na kutokea penye mwamba wa N'giriama, kabla ya kupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kufika mabwawa ya Mtera na Kidatu. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na viboko hujazana kwenye madimbwi machache yanayosalia. Mwaka 2001 serikali iliahidi kwamba ifikapo 2010 mto utatiririka tena mwaka mzima. Ahadi hiyo haikutimia, na nadhani sababu mojawapo inaonekana pale penye banio, yaani kizuizi kinachoelekeza maji ya mto kwenye mfereji.

Banio la jadi lilikuwa ukuta wa mawe, magogo na majani, na kwa kuwa lilivuja, kiasi fulani cha maji kilimpita mkulima hata Septemba na Oktoba, apende asipende. Mabanio ya zege yenye malango ya chuma yalijengwa kwa nia njema ya kuongeza ufanisi, lakini yaliwapa wakulima wa juu ya mto uwezo wa kuchukua karibu maji yote ya kiangazi. Kwa hiyo kuziba mvujo si sawa na kurejesha maji: maji yaliyookolewa mara nyingi hupanua shamba, na mto haupati kitu.

Hapo ndipo mitazamo ya watu inapotofautiana. Kwa mkulima wa juu, maji yanayopita bila kugusa jaruba ni maji yaliyopotea, kwa kuwa hajawahi kuona yanakoishia. Mkulima wa mwisho wa mfereji, ambaye miche yake hunyauka akisubiri zamu, huunga mkono wazo la kurejesha maji upesi, ingawa maji anayoyataka ni ya shamba lake, si ya mto. Wafugaji, ambao wengi wao waliondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007 kwa hoja ya kuokoa Ihefu, wanakumbuka kwamba gharama iliwaangukia wao, wakati uchepushaji wa maji kwa ajili ya mpunga ulikuwa chanzo kikubwa cha ukame wa mto. Sioni haki katika kuwaita wakaidi watu wanaouliza kwa nini waanze wao tena.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka mahitaji ya msingi ya binadamu kwanza na mazingira yakifuata, mbele ya matumizi mengine, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua akiba ya maji kwa mambo hayo mawili. Hata hivyo, kibali cha kutumia maji kinachotaja lita kwa sekunde hakimsaidii mtu wakati mto wenyewe umebaki na maji machache kuliko jumla ya vibali vyote. Katika siku hizo zamu ya mabanio ina nguvu kuliko karatasi, na mkulima anayeombwa kushusha lango lake mwezi Oktoba huuliza kwanza kama banio lililo juu yake nalo limefungwa.